Chane Moja ya Mwaa

Habari ya talaka ya dada yangu niliipata kabla yake mwenyewe. Aliniletea mvuvi mmoja wa Mbwera aliyekuja Kibiti kuuza kamba wakavu. Aliisema huku akijaza kopo la kupimia, bila kuinua macho, kama mtu anayetaja hali ya barabara: Ijumaa baada ya sala ukoo wa shemeji yangu utakaa, na dada atarudishwa kwetu. Mtoto atabaki kwao. Mikono iliyokwisha kulea wawili hadi kaburini, walisema, haiachiwi wa tatu.

Nikamwuliza, "Na mtoto ameulizwa?"

"Mtoto wa miaka minne?" Akacheka. "Weye kweli umetoka chuo."

Nilikuwa nimetoka chuo kweli, nimerudi likizo kutoka Uganda, nikisomea elimu ya viumbe. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa bendera ya Mwingereza, na sisi vijana tulikuwa tumekwisha kuishusha vichwani mwetu siku nyingi. Baba alipenda kuwaambia wageni kwamba chuo kimenifundisha neno moja tu, "kwa nini", na kwamba neno hilo nilikuwa nalo tangu nina miaka mitatu, kwa hiyo safari yote ile ilikuwa ya bure.

Mpwa wangu alikuwa na miaka minne na miguu ya mtoto wa miwili. Baridi ikiingia, au akichezea maji kutwa, vidole vilimvimba hadi ngozi ikang'aa, akalia mifupa. Hakusema mkono au mguu, alisema mifupa. Macho yake yalikuwa ya manjano. Kaka zake wawili waliomtangulia walikufa hivyo hivyo, wa kwanza kabla hajatembea, wa pili akiwa amekwisha kujifunza kuniita mjomba. Huko kwa wakwe jibu lilikwisha kupatikana: dada ana damu mbaya, damu inayokula watoto wake. Wanaume wa ukoo wao ni wazima, wanatoa boriti za mikoko matopeni na kuzibeba begani. Basi ubaya umetoka upande wa mke. Hawakuona la kuuliza zaidi.

Mimi nililiona. Mwaka ule mwalimu wetu mmoja alikuwa amechora ubaoni kitu kipya kiasi kwamba hakikuwamo katika vitabu vyetu. Ndani ya kila chembe hai, alisema, mna kiini, na ndani ya kiini mna uzi mrefu uliojikunja, wenye alama za aina nne zilizopangwa mfululizo. Mpango wa alama hizo ndio maagizo ya mwili. Uzi wenyewe hautoki ndani ya kiini. Inatolewa nakala fupi ya sehemu inayohitajika, nakala inatoka nje, na huko nje vijiwanda vidogo mno vinaisoma. Wachukuzi wadogo wanaleta vipande vya aina ishirini hivi, kila mchukuzi na kipande chake, vinaungwa kimoja baada ya kingine kwa kufuata nakala, hadi unapatikana mnyororo. Mnyororo ukikamilika unajikunja wenyewe na kuwa protini. Nyama ni protini, nywele na kucha ni protini, na ule wekundu wa damu unaobeba hewa ni protini. Namna alama zinavyosomwa, alisema, wataalamu ndio kwanza wanaanza kuijua.

Halafu akataja mfano. Kuna ugonjwa wa Waafrika, alisema, ambao asili yake ni kipande kimoja tu kilichobadilishwa katika mnyororo wa zaidi ya vipande mia wa protini ile nyekundu. Kwa sababu ya kipande hicho, chembe ya damu ikikosa hewa inajikunja kama mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia mifupa.

Nilinyoosha mkono. "Ugonjwa wa Waafrika? Nimesoma kwamba uko Ugiriki pia, na Uhindi."

Akatazama saa. "Muda umekwisha," akasema.

Sasa, nikiwa nimesimama mbele ya kopo la kamba, niliona sina njia nyingine ila kwenda Mbwera na ule ubao.

Kando ya barabara kuu palikuwa na zahanati ndogo, na dresa wake, msaidizi wa daktari, alikuwa mwenzangu tangu shule. Kabatini kwake mlikuwa na hadubini ya shaba, iliyoachwa na watu waliowahi kupita wakichunguza matende.

"Unaiazima siku ngapi?" aliniuliza.

"Tatu."

"Ikidondoka majini?"

"Nitadondoka nayo."

"Weye unajua kuogelea. Yenyewe haijui."

Siku ile alikuwapo daktari mmoja Mwingereza aliyekuwa safarini. Nilimweleza kila kitu kwa Kiingereza, naye akanisikiliza kwa adabu. Akasema yawezekana nimeupatia ugonjwa. Lakini nisiende kuwachanganya watu wa visiwani kwa habari za chembe na protini. Niwaambie wampe mtoto maji mengi, wamkinge na baridi, wampe vidonge vya malaria. Hayo watayaelewa.

"Watu hao ni akina nani?" nilimwuliza. "Maana mimi ni mmoja wao, na nimeelewa."

Alifunga mkoba wake. Na shauri lake, nakiri, lilikuwa jema, vidonge nilivichukua. Lakini maji hayazuii talaka. Alipokwisha kuondoka, dresa akanikabidhi hadubini imefungwa kwenye shuka, pamoja na vioo, sindano na kopo la vaselini. "Leo sikukuona," alisema.

Muuza kamba akanichukua kwenye mtumbwi wake. Nilikaa nimeipakata ile shaba muda wote tulipopita katikati ya mikoko, na kila tulipogusa tope alinigeukia akaniuliza kama mtoto amelala. Jumatano adhuhuri tuliingia Mbwera.

Mama mkwe wa dada alikuwa amekaa barazani anasuka. Lazima nimweleze, kwa sababu yote yaliyotokea yalitokea mbele ya mikono yake. Hapakuwa na msukaji wa mikeka aliyempita upande ule wa delta. Alisuka ukindu, majani ya mkindu, akautia rangi mwenyewe kwenye sufuria, na ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, ulitoka mikononi mwake kama unatoka kwenye mashine. Akipenda, aliweza kukutukana bila kukosea hata chane moja ya ukindu uliopasuliwa.

"Karibu, msomi," alisema. "Umekuja kumchukua dadako mapema, au umekuja kutuhutubia?"

"Shikamoo, Mama. Nimekuja kutazama damu."

"Marahaba. Ya nani?"

"Yetu sote."

Dada akatoka ndani na mtoto mgongoni. Yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, na tangu utoto ndiye aliyekuwa akinipigania. Hakuuliza kitu. Nikajua kwamba habari za Ijumaa zimekwisha kumfikia. Alinitazama, akaitazama shuka, akasema, "Mdogo wangu, ukija na maneno matupu mimi ndiye nitakayebaki nayo."

Shemeji alirudi kutoka matopeni, miguu imekauka tope hadi magotini, na nikaanza kueleza kama nilivyofundishwa, yaani vibaya.

"Ndani ya kila chembe ya mwili mna maagizo," nilisema. "Chukulieni mfano wa bomani. Faili halitoki ofisini. Karani ananakili ukurasa mmoja, tarishi anaupeleka nje kwa mafundi, na mafundi wanajenga kwa kufuata nakala."

"Kwa hiyo, shemeji, ndani ya damu yangu mna boma?"

"Kwa mfano tu."

"Na Bwana DC yumo?"

"DC hayumo."

"Karani yumo, tarishi yumo, DC hayumo. Nani anatoa amri?"

"Hakuna."

"Basi huko kwenye damu wamepata Uhuru kabla yetu!"

Baraza nzima ilicheka, na muuza kamba alicheka zaidi ya wote. Mimi nilikasirika. Leo naona swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia darasani. Hakuna anayetoa amri. Nakala inafuatwa kwa sababu ipo, ikiwa sawa au ikiwa na kosa. Lakini siku ile sikuwa na akili ya kumsifu.

Nilisema waziwazi nililotaka. Ugonjwa wa mtoto hauwezi kutoka upande mmoja. Kila mtu ana nakala mbili za kila agizo, moja ya babaye na moja ya mamaye. Mwenye nakala moja mbovu anatembea mzima, hajui. Anayepata mbovu mbili, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, huyo ndiye anayelia mifupa. Kama dada anayo, basi shemeji anayo.

Kicheko kikakatika.

"Damu yangu haina kesi," alisema shemeji.

"Basi isimame shahidi."

"Mwanamume anachomwa sindano akiumwa. Miye siumwi."

"Unakata mkoko wenye mamba chini yake, halafu unaogopa sindano ndogo kuliko mwiba wa kambare?"

Muuza kamba akasema, "Huyo kambare humfahamu. Shemeji yako alimwogopa hata kwenye sahani ya harusi."

Mashemeji wana ruhusa ya kutaniana, na utani ule ndio uliomshika. Akanyoosha kidole kana kwamba anaelekeza bunduki. Nilianza na changu mimi, ili wasiseme nimekuja kuwachokoa wenzangu. Nilikifunga kidole uzi, nikasubiri hadi kikawa cheusi, nikachoma, nikaweka tone juu ya kioo, nikalifunika kwa kioo kingine chembamba na kuziba pembeni pote kwa vaselini ili hewa isipite. Nikafanya vile vile kwa dada na kwa shemeji. Kwa mtoto sikufunga uzi. Nilimchoma akiwa amepakatwa, akanitazama kwa hasira kubwa, akasema, "Mjomba mbaya."

Vioo vinne, kila kimoja na alama ya mkaa. "Kesho saa kama hizi," nikasema.

"Na leo?" aliuliza mama mkwe.

"Leo tunangoja."

"Mganga wa ng'ambo hangoji. Anajibu pale pale."

"Ndiyo sababu simwamini."

Alhamisi adhuhuri nilikiweka kioo cha hadubini kwenye jua la baraza, nikatazama. Damu ya mtoto nilikuwa nimekwisha kuiona jana yake, imejaa mundu hata kabla ya kungoja. Ya dada ilikuwa imejikunja. Ya shemeji imejikunja. Nikaweka yangu, bila haraka, maana mimi nilikuwa mchunguzi, na mchunguzi hajitazami. Chembe zilikuwa ndefu, zimechongoka pande zote mbili, kama maganda ya mpunga yaliyopeperushwa.

Nilikuwa nimekuja kuwasomea wengine, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeandikwa humo humo.

"Umeona nini?" aliuliza dada.

"Wote," nikasema. "Hata mimi."

Mama mkwe akapiga makofi. "Haya! Kaka mtu na dada mtu. Sasa si umesema mwenyewe? Ukoo wenu!"

"Na mwanao, Mama. Njoo utazame."

Hakuja. Aliendelea kusuka, na akasema jambo ambalo sitalisahau kwa sababu lilinivua nguo mbele ya watu. "Hebu niambie, msomi. Umezifungia damu nne kwenye kioo, umeziziba kwa mafuta, umezinyima hewa siku nzima. Zote nne zimejikunja. Unajuaje kwamba si kila damu hujikunja ikifungiwa hivyo? Hata miye ukinifungia nitajikunja."

Ni jambo la kwanza wanalotufundisha: usitazame mgonjwa bila kutazama mzima. Nilikuwa nimelisahau, kwa haraka ya kutaka kushinda. Mtu aliyeniona nimelisahau hakuwahi kuingia darasa lolote.

"Sijui," nikasema.

Nadhani neno hilo ndilo lililomfanya aniangalie vizuri kwa mara ya kwanza. Waganga hawalisemi, wala yule daktari.

"Basi chukua yangu," alisema. "Nimezaa saba. Nina nguvu kuliko hawa wote. Yangu ikibaki nzima, na ya mwanangu imejikunja, nitakuelewa. Ikijikunja, ujue kioo chako kinaongopa, na kesho dadako anafunga mizigo."

"Haitoshi," alisema dada. Ilikuwa mara ya kwanza kuinua sauti tangu nifike. "Mama ni ukoo ule ule. Tafuta mtu wa mbali."

Wote tukamgeukia muuza kamba.

"Miye nimeleta mtumbwi tu," alisema, lakini kidole alikwisha kukitoa.

Baada ya kuziba vioo viwili vipya, hatukuwa na la kufanya. Nilikaa kwenye mkeka, nikaona kwamba ukingo wake umeinuka na kujikunja kuelekea ndani. Niliusukuma chini, ukarudi juu. Nikatazama mikeka mingine barazani. Yote ilikuwa imejikunja pale pale, mahali pamoja.

"Mama, mbona mikeka yako inajikunja?"

"Jua. Asubuhi kwenye umande imelala. Jua likipanda, inanyanyuka. Ya ukoo wetu yote ndivyo ilivyo."

"Kwa nini?"

Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha wanawali. Nakshi za mkeka hazikai kichwani. Kila nyumba ya wasukaji ina mkeka mama, umekunjwa na kuwekwa darini, na mkeka huo hautoki nyumbani hata iweje. Binti anayeolewa hapewi mkeka mama. Anakaa mbele yake, anasuka kipande kifupi cha ukili kwa kuuangalia, chane kwa chane, na hicho kipande ndicho anachokwenda nacho. Kule kwa mumewe anakitundika, na wasichana wanamkabidhi chane zilizotiwa rangi, moja moja, kadiri kipande kinavyosema: nyeusi, nyeupe, nyeupe, nyekundu.

"Sasa katika mkeka mama wa mama yangu, na katika kipande changu, mahali pamoja, hapana ukindu. Pana chane moja ya mwaa. Mwaa, jani la mkoche, ni mgumu, ukikauka unavuta. Labda siku aliyousuka ukindu mweusi ulimwishia. Labda alikosea. Miye nimesuka hivyo hivyo."

"Na hukuibadilisha?"

"Nani amsahihishe mamaye?"

"Kwa hiyo mikeka hii, nani ameiharibu?"

"Hakuna aliyeiharibu. Mkono umefuata kipande." Alisema hivyo, na mikono yake ikasimama. Sikuwa nimewahi kuiona imesimama. Akakitazama kile kipande kilichotundikwa ukutani, akanitazama mimi. "Ndilo ulilotaka kuniambia tangu jana?"

"Ndilo lenyewe."

"Basi ungesema. Unaniletea makarani!"

Tangu hapo yeye ndiye aliyeuliza, mimi nikijibu. Ikiwa mtu ana vipande viwili, msukaji anafuata kipi? Vyote, nikamwambia, nusu ya mikeka inatoka sawa, nusu inatoka na mwaa, na nyumba inakalika. Na mwenye vipande viwili vyenye mwaa? Kila mkeka unajikunja. Akamtazama mjukuu wake aliyelala ndani, miguu imefungwa kitambaa chenye maji ya moto.

"Kama linaua watoto," aliuliza polepole, "mbona halijakwisha? Mkeka mbaya hutupwa."

Nilimwambia lile ambalo wataalamu wamekwisha kulionyesha: mwenye kipande kimoja kibovu, malaria haimpati kwa ukali kama mwingine. Watoto wa namna yangu na ya shemeji walipona homa iliyowaua wenzao, wakakua, wakaoana.

"Kwa hiyo mshenga wao alikuwa mbu," alisema. Hakucheka, lakini shemeji alicheka, na alipocheka alikuwa amemshika mtoto mguu.

Ijumaa asubuhi, kabla ya sala, mama mkwe ndiye aliyeniita. Alikuwa amekwisha kunawa na kuvaa baibui. Niliweka kwanza kioo cha muuza kamba. Nilitazama, nikainuka, nikampisha.

"Ni nini?"

"Usiniamini mimi. Tazama."

Aliinama, akafumba jicho lisilotakiwa, akafumbua, akabadilisha. Ilichukua muda. "Mviringo," alisema mwishowe. "Kama shanga. Zote."

"Tangu jana bila hewa, na ni mviringo."

Muuza kamba akasema, "Nilikwambieni miye ni mtu wa mtumbwi tu."

Nikaweka kioo chake yeye. Aliinama tena. Safari hii hakubadilisha jicho, na sikumharakisha. Niliona baibui lake likitikisika mgongoni. Alipoinuka alikaa juu ya mkeka wake uliojikunja, akaulalisha ukingo kwa kiganja, ukanyanyuka, akaulalisha tena.

"Wangu waliokufa walikuwa watatu," alisema. "Katika wale saba. Wawili walilia mifupa hivi hivi. Mama mkwe wangu aliniita neno lile lile, damu mbaya. Miaka miwili nililala kwetu, hadi mume wangu akanifuata." Akamtazama dada, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na miye nimekuita."

Dada aliingia ndani.

Nilimwona mama mkwe akiingia kwenye kikao cha Ijumaa kabla ya wanaume hawajamaliza kusalimiana. Hakueleza chembe wala protini. Alisema, "Hapana talaka hapa. Mtoto anabaki na mamaye. Anayetaka kujua kwa nini, aje kwangu na kidole chake." Mzee mmoja alitaka kusema kitu, akakitazama kile kidole alichonyooshewa, akaacha.

Mimi nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa tayari kufunga hadubini yangu na furaha yangu kwenye shuka. Ndipo dada aliposimama.

"Mimi nina sharti," alisema.

Watu waligeuka. Aliyekuja kuachwa hana masharti.

"Miaka mitano mmesema damu yangu inakula watoto. Mmesema kisimani, mmesema msibani, mmesema nikiwa nimekaa eda ya uchungu wangu. Hamkunong'ona. Sasa mnataka kunisamehe kwa kunong'ona? Sikubali. Mume wangu aseme hapa, kwa sauti ile ile, kwamba nusu ni yake. Asiposema, naondoka leo, na mtoto mgongoni, na hapana wa kunizuia."

Shemeji aliitazama miguu yake. Nilimwonea huruma, maana nilijua sasa jinsi inavyokuwa kujikuta upande wa pili wa kioo. Mama yake hakumsaidia. Baraza lote likangoja.

"Nusu ni yangu," alisema.

"Hawakusikia."

"Nusu ni yangu!" Alipaza hadi kuku wakatawanyika. "Nusu ni yangu, na imetoka kwa mama, na sote hapa tuna lawama. Mke wangu hakuua mtu!"

Dada akakaa. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na muuza kamba akanieleza kwamba ni moshi.

Kabla sijaondoka nilimwambia dada ukweli wote. Dawa ya kuondoa haipo. Mtoto anywe maji, asipigwe na baridi, asikose vidonge. Wakizaa mwingine anaweza akawa mzima, anaweza asiwe, na kila mimba ni kurusha kete upya. Nilitegemea anilaumu. Alisema, "Kumkanda mtoto wangu usiku siogopi. Nilichoogopa ni kumkanda huku nikijua wananiita muuaji." Mpwa wangu yupo. Baridi ikiingia bado analia mifupa, na mikono inayomkanda ni ya mama yake. Siku hizi ananiita mjomba tu, lile neno la pili ameliacha.

Mama mkwe alinipa zawadi nilipokuwa nimekwisha kuingia mtumbwini: kipande kifupi cha ukili, amekisuka siku ile ile kwa kukifuata kipande cha ukutani. Nilikipapasa nikaikuta chane ya mwaa mahali pake.

"Mbona hukuitoa, Mama? Ya mkeka inatoka."

"Ya mkeka nitaitoa leo, usihofu. Mama yangu atanisamehe. Hiyo ni ya wale walimu wako. Wamejua kutazama. Waulize lini watajifunza kufumua."

Niliporudi chuoni nilikipeleka darasani, nikanyoosha mkono, nikauliza. Mwalimu alikigeuza geuza, akakisifu, akatazama saa. Siku ile nilimngoja mlangoni hadi alipofunga vitabu vyake, na jana nilimngoja tena, na leo asubuhi. Kipande ninacho mfukoni. Kesho nitakuwapo.